Kisangani–Kinshasa: ndege saa mbili, mto majuma

Kutoka Kisangani hadi Kinshasa kwa ndege ni kama kilomita 1.200, safari ya muda wa saa mbili hivi. Kwa Mto Kongo ni zaidi ya kilomita 1.700, na boti za mizigo hutumia majuma.

Lakini mama anayeuza mchele hana bei ya tiketi ya ndege. Yeye hulala juu ya magunia yake, pamoja na watoto, akiomba boti isizame usiku.

Kuhudumia uwanja wa Bangoka ni vizuri. Serikali isiusahau mto: iweke alama za njia, izuie boti kujaza watu kupita kiasi na kusafiri gizani. Umbali haupunguziki, vifo vinaweza kupunguzwa.