Mafuta Yaliyopungua na Heshima ya Mlinzi



Kamati yetu hapa Tabora ililetewa shauri dogo lililoweza kumvunjia mtu heshima. Gari la muumini mmoja lilikaa uani wiki tatu bila kuwashwa. Mwenyewe aliporudi safarini, mshale wa petroli uliokuwa juu ya nusu ulikuwa umekaribia robo. Aliyelala uani ni mlinzi peke yake, na jina lake lilikwisha kutajwa. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza kudhaniana vibaya, nasi tukaona tuanze na gari kabla ya mtu.

Mshale huo haupimi mafuta yenyewe. Ndani ya tenki mna boya lililoshikwa na mkono wa chuma. Boya likipanda au kushuka, umeme unaoongoza mshale hubadilika. Gari likiegeshwa kwenye mteremko, petroli hukusanyika upande mmoja, na boya hutoa habari za pale lilipo tu. Gari letu lilikuwa limeinama kuelekea mfereji, chini ya mwembe.

Baridi nayo hupunguza ujazo, lakini kidogo: takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi joto 10. Katika lita 40 haifiki hata nusu lita. Petroli pia hugeuka mvuke, na mpira wa kifuniko ukipasuka mvuke huo hutoroka; dizeli haina tabia hiyo kwa kiasi hicho. Wazee wetu waliobeba chumvi ya Uvinza katika njia ya misafara walijua kwamba mzigo ulionyeshewa hufika pungufu bila mpagazi kuiba.

Wizi wa kunyonya mafuta kwa mpira upo, hatuukani. Mvujo pia upo: tazama doa chini ya gari, nusa, wala usimulike kwa kiberiti. Kisha peleka gari mahali tambarare, liwashe, usubiri kidogo. Ukitaka uhakika zaidi, jaza tenki: la lita 40 likipokea 18, zilikuwamo 22.

Tulipolisogeza hadi uwanja ulio sawa, mshale ulipanda ukasimama kwenye nusu. Upungufu mdogo uliobaki fundi aliukuta kwenye mpira wa kifuniko, uliokauka na kupasuka. Mwenye gari alimfuata mlinzi kabla ya Magharibi, akamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia jina lake likitajwa.