Msuka na Kwanta, Wapi na Wapi?

Wapo watakaouliza hivyo wakiona jalada la toleo hili. Nawajibu kwa bamvua. Maji yakikupwa hapa Msuka, Pemba, miamba hubaki wazi na watu wakashuka kwa miguu kutafuta pweza. Kinachoyavuta ni mvutano wa masi za mwezi na jua. Lakini ziweke elektroni mbili zikabiliane: mvutano wa masi zao ni mdogo kuliko msukumano wa chaji zao kwa mara 4 yenye sufuri 42. Chaji chanya na hasi hufutana, masi hujumlika tu. Ndiyo maana kilicho dhaifu hivyo kinahamisha bahari.

Basi anayekokotoa jinsi chembe zenye chaji zinavyopishana na kutawanyika huuweka mvutano kando. Asipouweka kando je?

Tumezoea kuambiwa kwamba kwanta na mvutano haviivi chungu kimoja. Maneno hayo yametiwa chumvi. Mwaka 1994 John Donoghue, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alionyesha kwamba kwa umbali mkubwa vinaiva vizuri. Mwaka 2002 Niels Emil Bjerrum-Bohr akaifanya hesabu hiyo kwa chembe zenye chaji. Siri ni kwamba fotoni, chembe ya mwanga, na gravitoni, chembe ya mvutano, hazina masi, kwa hiyo athari zake hufika mbali, na zinaweza kutengwa na yale yanayotokea kwenye umbali mdogo mno, ambako bado hatuna nadharia. Sheria ya Coulomb inapata nyongeza mbili: moja ni ya nadharia ya Einstein ya mvutano, nyingine ni ya kwanta hasa, na hii hupungua kwa mraba wa umbali. Kwa umbali sawa na upana wa protoni, nyongeza hiyo ya pili ni kama sehemu moja ya 1 yenye sufuri 40.

Hakuna mtambo wa kuipima, si wa CERN huko Geneva wala kwengineko. Hata hivyo naiona hesabu hii ina thamani zaidi kuliko dhana nyingi zinazovuma, kwa kuwa nadharia yoyote itakayokuja, ya nyuzi au nyengine, lazima itoe jibu hilo hilo. Isipolitoa, imekosea.

Mwanafizikia Abdus Salam naye alilichokonoa jambo hili. Mwaka 1971, pamoja na wenzake Isham na Strathdee, alijaribu kuutumia mvutano kuondoa majibu yasiyo na ukomo yanayojitokeza katika hesabu za elektroni. Njia yao haikushika, ingawa kwa ujasiri sijaona mfano wake. Kituo alichokianzisha Trieste mwaka 1964 kina tawi Kigali tangu 2018, linalosomesha shahada ya uzamili. Kijana wa Pemba anayeipenda kazi hii hahitaji mtambo wa mabilioni. Anahitaji hisabati, na mwalimu asiyemwambia kwamba hayo si ya kwetu.

Milinganyo ya makala ya pili ya toleo hili tumeiacha kama ilivyo. Atakayekwama kwenye ukurasa wa kwanza aanze na makala ya tatu, inayoanzia kwa Coulomb mwenyewe.