Jina la Msimamizi Halisomi Tasnifu

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo mtu aliyekubaliwa chuoni kusomea shahada ya uzamivu, ile impayo mtu jina la daktari bila ya kumtibu mgonjwa yeyote. Yawezekana ni mumeo, ni dada yako, au ni wewe mwenyewe, mtumishi uliyepewa likizo ya masomo na mwajiri wako. Jamaa wameshatoa pongezi, na pengine mbuzi ameshachinjwa. Hata hivyo, katika shangwe hiyo lipo jambo ambalo mara nyingi husahauliwa, nalo ni kumchagua msimamizi.

Katika shahada ya kwanza mtu hufundishwa na walimu wengi. Asipoelewana na mmoja, wengine wapo. Uzamivu hauko hivyo. Mwanafunzi huandika tasnifu yake kwa miaka mitatu, minne au zaidi, na kila sura aiandikayo hupita mikononi mwa mtu mmoja au wawili. Msimamizi akikaa na sura miezi sita bila ya kuifungua, miezi hiyo hulipwa na nyumba nzima: ada ya mwaka mwingine, mshahara uliosimama kwa kuwa likizo imekwisha, kodi ya pango, na watoto wanaoambiwa kila siku kwamba baba yu karibu kumaliza. Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba uchaguzi huu ni shauri la familia, wala si la msomi peke yake.

Wengi hufuata jina. Humtafuta profesa ambaye vitabu vyake vimejaa madukani na ambaye kila mkutano humwalika, wakidhani kwamba sifa zake zitawaangukia nao. Sikatai kwamba wapo mashuhuri walio wasimamizi hodari. Lakini hebu tutazame yaliyomkuta kijana mmoja wa Uingereza, Stephen Hawking, aliyeingia Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1962 akiwa na umri wa miaka 20, akitaka kuchunguza asili ya ulimwengu. Nia yake ilikuwa kusimamiwa na Fred Hoyle, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyejulikana mno nchini humo, ambaye hata wasikilizaji wa redio waliizoea sauti yake. Hakumpata. Alipewa Dennis Sciama, mtu ambaye hakuwahi kulisikia hata jina lake, naye akasikitika sana.

Mwaka uliofuata, 1963, madaktari waligundua kwamba Hawking ana maradhi yanayodhoofisha misuli, wakamkadiria kama miaka miwili tu ya kuishi. Fikiri, msomaji, kama wakati ule angekuwa chini ya mtu ambaye kumwona ni kwa bahati! Hoyle alikuwa mtu wa safari nyingi za ng'ambo. Sciama alikuwapo. Mlango wake ulikuwa wazi, alijadiliana na wanafunzi wake hata pale waliposhindwa kukubaliana, na hakuona haya kuwaelekeza kwa wataalamu wengine waliokuwa na mawazo mapya. Mmoja wao alikuwa Roger Penrose, na ni kutokana na wazo lake kwamba Hawking aliandika sura ya mwisho ya tasnifu yake, iliyokubaliwa mwaka 1966. Hawking aliishi hadi mwaka 2018. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba kumkosa Hoyle kulimfaa.

Yasimuliwa pia kwamba baba yake Hawking alimwendea Sciama kumwomba mwanawe asaidiwe kumaliza mapema, kwa kuwa huenda asingeishi. Sciama alikataa. Mzazi atauona huo kuwa ukatili. Mimi nauona kuwa ndio usimamizi wenyewe, maana alimwacha kijana afanye kazi ya kweli badala ya kumwonea huruma kwa karatasi.

Basi mtu atamjuaje msimamizi wa namna hiyo kabla hajafungwa naye? Nenda maktaba ya chuo, uombe tasnifu zilizokwisha kupita katika fani yako. Jina la msimamizi limo ndani yake, nawe utaona ni wangapi aliowafikisha mwisho. Kisha soma ukurasa wa shukrani. Kila mwanafunzi humshukuru msimamizi wake, hiyo ni adabu. Lakini ukiona profesa amepewa mstari mmoja na mpiga chapa amepewa aya nzima, simama hapo ufikiri. Baada ya hapo watafute wanafunzi alio nao sasa, uwaulize faraghani: hurudisha sura baada ya muda gani? Huandika maoni au hutia alama ya vyema tu? Anasimamia watu wangapi kwa wakati mmoja? Anakaribia kustaafu, au yu mbioni kwenda nchi nyingine kwa mwaka mzima?

Kwa dada zetu lipo la ziada, tena zito. Msimamizi anayetaka kukutana jioni hotelini wakati ofisi anayo, au anayefanya usomaji wa sura kuwa fadhila ya kulipwa kwa mwili, anatenda kosa la jinai. Hapa Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalikataza jambo hilo waziwazi, na mahali pa kulipeleka ni TAKUKURU. Ewe mume au mzazi, ukiletewa habari kama hiyo nyumbani, usianze kwa kumhoji binti alikuwa amevaa nini.

Ikiwa umekwisha kupangiwa mtu asiyefaa, elewa kwamba msimamizi huweza kubadilishwa. Omba kwa maandishi, kupitia idara, tena mapema. Ombi la mwaka wa kwanza husikilizwa kwa urahisi kuliko la mwaka wa tano. Na ukimpata umtakaye, katika kikao cha kwanza kabisa patana naye tarehe ya kuwasilisha sura na tarehe ya kurudishiwa. Ziandike zote mbili kwenye kalenda iliyotundikwa sebuleni, ili walio nyumbani nao wajue wiki hiyo mezani pasiguswe.