Simu Haikumtoa Mtu Kanisani

Kaa kiti cha nyuma katika ibada yoyote hapa Kibaha, sikiliza mahubiri mpaka mwisho. Hazipiti Jumapili mbili kabla vijana hawajatajwa: wameacha dini, wamemezwa na simu, wamesoma wakajiona wamefika, wameiga ya Wazungu. Kule Kisarawe khatibu anayasema hayo hayo siku ya Ijumaa, mifano tu ndiyo inayobadilika. Madai haya yamezoeleka mpaka wazazi wanayarudia barazani kama jambo lililokwisha kupimwa na kuthibitishwa. Mimi nasema si kweli. Na nasema wanaoyahubiri wana sababu ya kuyapenda, maana yanawaondolea wao lawama.

Kwanza, hakuna aliyehesabu. Sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania dini yake ilikuwa ile ya 1967. Kilichopo tangu hapo ni tafiti za sampuli, na ile ya kituo cha Pew cha Marekani, iliyochapishwa mwaka 2010, ilikuta Watanzania zaidi ya tisa katika kila kumi wakisema dini ni jambo muhimu sana maishani mwao. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaita walioacha dini. Lakini nafasi kwenye mabenchi zinaonekana, hilo silikatai. Watu wanaondoka kwenye makanisa waliyobatiziwa na kwenye misikiti waliyosomeshwa juzuu. Swali ni nani anawaondoa.

Usomi? Kama usomi ungekuwa unaua imani, ukanda huu ungekuwa wa kwanza kuzika dini. Minaki, hapo Kisarawe, ndipo Waanglikana wa UMCA walipokihamishia Chuo cha Mtakatifu Andrea miaka ya 1920. Pugu, jirani kabisa, Nyerere alifundisha hadi 1955 akiwa ametoka Edinburgh na shahada yake, na alibaki mtu wa misa hadi kifo chake mwaka 1999. Kibaha yenyewe ilianza kama mradi wa elimu wa Denmark, Finland, Norway na Sweden mwaka 1963, na sekondari yake hadi leo inapokea watoto wenye vipaji maalumu. Pita sekondari za bweni jioni uone vikundi vya dini vya wanafunzi: UKWATA wamekaa darasa hili, TYCS lile, CASFETA wanaomba kwa sauti ya kusikika barabarani, TAMSYA wako kwenye darsa lao. Hao ndio vijana waliobobea fizikia na hesabu, nao wanasali bila kusukumwa na mama.

Wahubiri hupenda sana kuwataja hao hao watu wa Ulaya ya kaskazini walioanzisha mradi wa Kibaha. Makanisa yao yamegeuka makumbusho, wanatuambia, nasi tunafuata. Ni kweli kwamba Sweden ilitenganisha kanisa na serikali mwaka 2000, na tangu hapo waumini walioandikishwa wamepungua kutoka zaidi ya asilimia 80 ya wananchi hadi karibu nusu. Lakini Mswidi anayejiondoa kanisani ana hospitali, ana pensheni, na ada ya maziko inakatwa kwenye kodi ya kila mtu, muumini na asiye muumini. Kaburi lake lipo. Kujiondoa hakumgharimu kitu.

Mtu wa Maili Moja, hapa Kibaha, hana hayo. Kibaha ni mji wa wahamiaji: Mchaga, Mhaya, Mnyakyusa, kila mmoja alikuja kwa sababu kiwanja cha Dar kilimshinda bei. Ukoo wake uko mbali, umebaki kwenye simu. Alipofika na barua yake ya utambulisho kutoka usharika wa kwao au parokia ya kwao, alikuwa anatafuta watu. Watu wa kumjulia hali akiugua, na wa kumzika akifa. Hicho ndicho alichokitegemea kanisani kuliko mahubiri, na sioni aibu yoyote katika kukitegemea.

Sasa niwaambie nilichokiona kwenye msiba mmoja, maeneo ya Picha ya Ndege. Turubai limefungwa, viti vya kukodi vimepangwa, akina mama wanachagua mchele. Viongozi wa jumuiya ya kanisa ya marehemu wakaingia, wakakaa pembeni, na mmoja akatoa daftari kwenye mfuko wa rambo. Hawakuwa wamempa mkono mfiwa. Akaitwa kijana mkubwa wa marehemu: mama alikuwa anahudhuria jumuiya? Kadi yake ya ahadi iko wapi? Hapa zaka inaonekana ilikatika mwezi wa tatu, na mchango wa ujenzi hakumaliza. Kijana akaingia ndani, akaufungua mkoba wa mama yake aliyekufa, akaanza kupekua bahasha. Tulikuwa tunamwona kupitia pazia. Majirani wakachangishana, hela ikatumwa kwa simu, deni likafutwa kwa kalamu, ndipo ibada ikaruhusiwa.

Mwezi wa tatu ndio mwezi mama yule alioanza kulazwa. Daftari liliandika kwamba hakutoa. Halikuandika kwamba hakuna aliyekwenda kumtazama.

Kijana huyo hajarudi kanisani pale. Leo akipita barabarani Jumapili asubuhi amevaa kaptula, mhubiri atamnyooshea kidole na kusema utandawazi umemchukua. Huo ni uongo, na ni uongo unaosemwa madhabahuni.

Nilipokuwa nikilifikiria hili, nilitazama upande wa Kisarawe. Kule Mzaramo anayefika msikitini mara mbili kwa mwaka huitwa Muislamu wa Idd, anataniwa, basi. Akifa asubuhi, jioni kazikwa. Vijana wanachimba, wazee wanaosha, jeneza la msikiti linabebwa kwa kupokezana, na hakuna anayeuliza alitoa nini. Wamisionari wa Berlin walifungua vituo Kisarawe na Maneromango tangu miaka ya 1890, wakaleta shule na dawa, lakini baada ya Vita vya Maji Maji Uzaramo kwa sehemu kubwa uliingia Uislamu. Sababu ni nyingi. Moja ninaiona mpaka leo: mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa jirani, alikula nao na kuzikana nao, wakati misheni ilidai kwanza mtu aache ngoma na unyago ndipo apokewe.

Nao wa Kisarawe wana namna yao ya kufukuza watu. Kijana anafundishwa kwamba maulidi ya babu yake ni bidaa, kamati ya msikiti inagawanyika, kila mwaka ugomvi wa mwezi umeandama au haujaandama. Wapo waliochoka, wanasalia nyumbani. Hao nao wanahesabiwa waliopotea.

Na wanaoondoka wanakwenda wapi? Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako. Mtu aliyeacha kuamini havuki nusu ya nchi kufuata kikombe, wala hafi akigombania mafuta. Siwasifu wanaouza mafuta; wengi wao wanakamua hela kuliko daftari lolote la jumuiya. Lakini wanamuuliza mtu anaumwa nini, wanamwekea mkono kichwani, na yeye alikaa miaka kumi kwenye benchi bila kuulizwa. Wengine wameishia kwenye kikoba na kikundi cha kufa na kuzikana, ambako mchango una kanuni na anayeugua anatembelewa kwa zamu. Vikundi hivyo vinafanya kazi ambayo kanisa liliiacha.

Wataniambia kanisa haliendeshwi kwa maneno. Nakubali, michango iwepo. Ila Jumapili tunasomewa kilichopatikana wiki iliyopita mpaka shilingi ya mwisho, na kilichotumika hatusomewi. Kisomwe. Anayedaiwa adaiwe akiwa hai, na madai ya marehemu yasiguswe msibani, iwe amri ya askofu na siyo hiari ya mwenyekiti wa jumuiya. Muumini akipotea mwezi mmoja, watu wawili waende kwake kabla jina lake halijapigiwa mstari. Na kwenye daftari lile lile, pembeni ya safu ya zaka, iongezwe safu ya wagonjwa: nani amelala, nani alikwenda kumwona, na lini.