Mama Naye Akimbie

Msimu wa UMISSETA ukikaribia, sisi mafundi cherehani wa hapa Songea tunawapokea kina mama na vitambaa vya bukta za watoto wao. Wengine hulipa kidogo kidogo, na gauni la mama mwenyewe linasubiri mwakani. Tunawasifu, wanastahili. Lakini tujiulize: mtoto anajifunza nini akimwona mama anajinyima tu kila siku?

Mtazameni Faith Kipyegon wa Kenya. Alijifungua binti mwaka 2018. Mwaka 2019 alirudi uwanjani, akapata medali ya fedha ya dunia kule Doha, mita 1,500. Kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo mwaka 2021, na nyingine Paris mwaka 2024. Binti yake anakua akimwona mama anayelea na bado anakimbia.

Sisi tunasema, kujitolea kwa mama ni baraka, ila kusizike ndoto zake. Baba, shangazi, bibi, mpokeeni mtoto japo jioni moja. Nawe dada, usione haya kuvaa raba. Mwanao anakutazama.