Mmishonari Naye Apewe Jembe

Familia za wamishonari bado zinahamia Tarime na Serengeti, na makanisa yetu huzipokea kwa shangwe. Baada ya shangwe huanza hesabu: visima vilivyochimbwa, madarasa yaliyoezekwa, watu waliobatizwa. Hesabu hiyo ina haki yake, lakini jambo kubwa zaidi huwa halimo. Kwa maoni yangu, huduma ya familia ya kimishonari ipimwe kwanza kwa maisha yake ya kila siku: inazungumza lugha gani na majirani, watoto wake wanacheza na nani, na nani ana kauli ya mwisho juu ya kazi yake. Hayo ndiyo yanayoamua kama huduma itabaki kwa wenyeji au itaondoka na mhudumu.

Ushahidi upo papa hapa Mara. Mwaka 1934 Wamennonite kutoka Pennsylvania, Marekani, wakiwamo Elam na Elizabeth Stauffer, walianzisha kituo Shirati, eneo lililokuja kuwa sehemu ya Tarime kabla ya Rorya kuwa wilaya. Baadaye walifungua kingine Nyabasi, kwenye ardhi ya Wakuria. Walileta shule na tiba, lakini mmishonari alikuwa mwalimu, mwajiri na msimamizi kwa wakati mmoja, na mwenyeji alibaki mwanafunzi au kibarua. Mwaka 1942 uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda ulifika Shirati. Wazungu na Waafrika walitubu mbele ya wenzao, wakaombana radhi, wakaanza kuitana ndugu. Mtu uliyekwisha kumwomba radhi hadharani ni vigumu kuendelea kumwongoza kama mtoto. Mwaka 1960 kanisa lilianza kujitegemea, na mwaka 1967 Zedekiah Kisare, mzaliwa wa upande huo wa Shirati, akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Kilichobadilika kwanza kilikuwa uhusiano, ndipo uongozi ukafuata.

Historia hiyohiyo inaonyesha pia pale ukuta ulipobaki. Nyabasi kulikuwa na shule ya Mara Hills, iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa wamishonari, na kazi yake ikaja kuhamia Nairobi kwa jina la Rosslyn Academy. Wazazi waliohubiri udugu waliwasomesha watoto wao kando na watoto wa ndugu hao. Hata hivyo, mtoto wa mmishonari akipata majirani, mavuno huwa makubwa. David Shenk, aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1937 na wazazi wamishonari na kukulia Mara, baadaye aliandika pamoja na Mwislamu wa Uganda, Badru Kateregga, kitabu ambamo kila mmoja anaeleza imani yake na mwenzake anaijibu kwa heshima. Sidhani kuwa malezi ya kuishi kati ya watu wasiofanana naye hayakuchangia adabu hiyo ya kusikiliza.

Leo kipimo hiki kina uzito zaidi kwa sababu ya ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa Mara asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 28. Sheria imekataza tangu 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini msimu ukifika, hasa Desemba, uamuzi bado hufanyika ndani ya mji wa mtu, kati ya baba, bibi, wazee wa mila na ngariba. Mgeni wa wiki mbili hawezi kujua ni familia ipi inajiandaa, wala ni binti yupi atavushwa mpaka kwenda kwa jamaa upande wa Kenya. Anayejua ni jirani anayekaa msibani na kusikia Kikuria, au Kingoreme huko Serengeti, bila mkalimani. Binti naye humkimbilia mtu anayemwamini.

Ndiyo maana kazi iliyozaa matunda imeongozwa na wenyeji. Kituo cha Masanga, Tarime, na nyumba salama ya Mugumu, iliyofunguliwa 2014 chini ya Dayosisi ya Kianglikana ya Mara, ni mifano. Rhobi Samwelly, aliyeisimamia ile ya Mugumu, ni binti wa Mara aliyepitia ukeketaji mwenyewe. Hakuna mgeni angeweza kusema na wazazi kama yeye. Watu wa nje walisaidia kwa fedha, na wengine walichora ramani za vijiji kwa kompyuta wakiwa kwao, ili polisi na wasamaria waweze kumfikia binti mapema. Huo ni msaada unaojua nafasi yake.

Wapo watakaosema umishonari ulikuja na ukoloni, hivyo familia hizi zirudi kwao. Uhusiano huo haukanushiki. Lakini Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, hakuwafukuza wamishonari. Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, aliwataka wasimame na maskini dhidi ya mifumo inayowadhalilisha. Aliwadai kazi, na sisi tuna haki ya kudai hivyohivyo. Wengine watasema makundi ya muda mfupi huleta madaktari na dawa. Yaje, ila yawe chini ya hospitali zetu na ratiba zao. Wapo pia wanaotetea shule za pekee kwa sababu mtoto atarudi kwao kusoma. Hofu hiyo ni halali, na hakuna anayetaka mtoto atolewe kafara kwa wito wa wazazi. Lakini mtaala wa kwao haumzuii kujifunza Kiswahili, kucheza uwanjani na wenzake wala kula nyumbani kwao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Makanisa ya Tarime na Serengeti yana uwezo wa kuweka masharti: mwaka wa kwanza uwe wa kujifunza lugha, msimamizi wa kazi awe Mtanzania, na mrithi ajulikane tangu mwanzo. Familia iliyoitwa kweli haitayaona masharti hayo kuwa tusi. Tukishindwa kuyadai kwa kuogopa kupoteza misaada, lawama itakuwa yetu, na mabinti wetu ndio watakaolipa.