Kamba ya Mashua Haingoji Dhoruba

Jua linapokaribia kutua nyuma ya milima ya Kongo, mialo ya wilaya ya Rusizi, iliyojulikana zamani kuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, huanza kuchangamka. Mashua za sambaza huondoka tatu tatu, zimeunganishwa ubavu kwa ubavu kwa boriti za mkaratusi, na wavuvi huimba huku wakipiga makasia. Atazamaye kutoka ufukoni huona mashua, taa na wavu. Ni wachache watazamao kamba zilizofunga boriti hizo, ingawa ndizo zinazovishika vyote vitatu.

Yafaa ifahamike kwamba sambaza si samaki wa asili wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana, na leo ni kitoweo cha nyumba nyingi za raia na za askari. Huvuliwa usiku. Taa huwavuta karibu na uso wa maji, kisha wavu uliotandazwa chini yao huinuliwa. Pembe za wavu huo hushikwa na miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma ya mashua. Kwa hiyo, kila wavu unapoinuliwa, uzito wote wa samaki na maji hupita katika miti hiyo na kuishia kwenye vifungo vya kamba.

Boriti moja ikiteleza, mashua ya pembeni huanza kwenda upande wake, wavu hupindika, na wavuvi hujikuta gizani wakishika miti kwa mikono. Ziwa hilo lina kina cha zaidi ya mita 450 mahali penye kina kirefu. Kinachozama huko hakitazamiwi kurudi. Familia inaweza kupoteza kwa usiku mmoja wavu ulionunuliwa kwa akiba ya muda mrefu, na pengine kupoteza kilicho kikubwa kuliko wavu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi boriti haivunjiki. Hulegea kwanza, siku nyingi kabla ya ajali, na dalili zake huonekana mchana kweupe. Askari mwema hakagui bunduki yake baada ya kusikia mlio wa risasi; huikagua kabla ya kwenda zamu. Mvuvi naye hana budi kufanya vivyo hivyo.

Chanzo cha kwanza cha kulegea ni mti wenyewe. Mkaratusi uliokatwa juzi una maji mengi ndani yake. Unapokauka hupungua unene, na kamba iliyokuwa imeubana jana hubaki na nafasi. Kwa sababu hiyo, boriti ikatwe mapema, imenywe magome, na ianikwe kivulini ili ikauke polepole bila kupasuka. Magome yasiachwe, maana hubanduka chini ya kamba na kuifanya iteleze.

Chanzo cha pili ni kamba. Kamba ya katani hujikaza ikilowa na hulegea ikikauka. Basi ikifungwa ikiwa imelowa, jua la kesho litailegeza. Ifungwe ikiwa kavu. Aidha, huoza, na uozo huanzia ndani ya fundo ambako jicho halifiki. Kamba ya nailoni haiozi upesi, lakini hunyumbuka ikivutwa na uzito mkubwa. Kamba nyepesi ya plastiki huharibiwa na jua, nalo jua la Kivu, ziwa lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, ni kali. Ikianza kutoa unga na nyuzi ndogo ndogo, umri wake umekwisha. Vipande vya tyubu kuukuu hushika mti vizuri, lakini navyo hupasuka vikikaa juani.

Chanzo cha tatu ni ufungaji wenyewe. Wengi huzungusha kamba mara nyingi bila kuivuta, kisha hukaza kwa nguvu mzunguko wa mwisho tu. Fundo hilo huonekana nene, kumbe ndani ni legevu. Kila mzunguko uvutwe kabla ya kufuatiwa na mwingine. Baada ya mizunguko ya kukingamana, kamba ipitishwe mara tatu au nne katikati ya boriti na ukingo wa mashua, ikiizunguka ile mizunguko ya kwanza. Mizunguko hiyo ya kati ndiyo inayobana kweli. Kila makutano yawe na vifungo viwili vya kamba mbalimbali, ili kimoja kikikatika kingine kishike. Pale kamba inapogusa ukingo mkali, kiwekwe kipande cha mpira wa gurudumu.

Wako wanaochonga pengo katika boriti ili kamba isiteleze. Pengo refu huudhoofisha mti mahali pale pale unapobeba uzito. Ni heri kupigilia kijiti kidogo pembeni mwa kifungo, kikaizuia kamba isihame.

Kanuni hii haiwahusu wavuvi wa sambaza peke yao. Huko pwani, ngalawa husimama juu ya maji kwa matengo yake, nayo matengo hushikwa na mirengu iliyofungwa kwa kamba. Katika mashua ndogo za tanga za Ulaya, vijiti vyembamba huingizwa ndani ya mifuko iliyoshonwa kwenye tanga ili lisikunjamane. Tanga likipigwapiga na upepo, kijiti huchomoka na kupotea majini. Mabaharia wa huko hushona mdomo wa mfuko au hukifunga kijiti kwa uzi uliopitishwa katika tundu lake, na hukitazama kabla ya kutweka. Wachina, ambao matanga yao ya kale yana fito za mianzi kutoka ukingo hadi ukingo, huzifunga fito hizo kwenye tanga kwa kamba. Maji ni mbalimbali, lakini kazi ni moja: mti ushikwe mahali pake kabla upepo haujaujaribu.

Ukaguzi wa jioni hauchukui muda mrefu. Kila mvuvi apewe makutano yake, awe ni yeye yule kila siku, ayatikise kwa mikono miwili. Njia nyingine rahisi ni kupiga mstari wa rangi unaovuka boriti na ukingo wa mashua kwa pamoja. Siku mistari miwili isipokutana, boriti imehama, na hakuna haja ya kubishana. Kabari ipigwe, au kamba ifunguliwe na kufungwa upya. Katika mashua ya kati iwemo kamba ya akiba na kisu chenye makali. Kifungo kikilegea usiku, uvuvi usimame, wavu uinuliwe taratibu, na mtu yeyote asiende nchani mwa mti kabla ya kufunga. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe tangu ufukoni. Lililowekwa chini ya wavu halimwokoi mtu.

Kila mwaka uvuvi katika ziwa hilo husimamishwa kwa muda wa miezi miwili hivi ili samaki wazaliane. Huo ndio wakati wa kuzifungua boriti zote, kuzigeuza, na kutupa kamba zilizochakaa.

Hapa ndipo nyumba inapoingia. Fedha zinapokuwa chache, kamba ndiyo huahirishwa kwanza, kwa kuwa ya zamani bado inaonekana kamba. Mama wa nyumba na aitie katika hesabu ya mwezi kama anavyotia chumvi na sabuni, na asione haya kumwuliza mumewe, au mwanawe, kama vifungo vimetazamwa. Askari wa kikosi cha majini cha polisi, anayeitwa usiku kuwatafuta waliopotea, anajua kwamba swali hilo likiulizwa mapema, safari yake moja hupungua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziwani, asiyekaza kamba mchana hatapata mahali pa kusimama akaikaze usiku.